Dawa ya Deni ni Kulipa, Lakini Kwanza Deni Lithibitishwe

Kwetu kila anayezikwa huzikwa na tangazo. Kabla watu hawajatawanyika makaburini, mmoja wa wanafamilia husimama akasema kwamba yeyote aliyekuwa akimdai marehemu ajitokeze kwa familia, na aliyekuwa akidaiwa naye asijisahau. Mwaka jana, huko Muheza, nilisimama mimi kutoa tangazo hilo, siku tulipomzika kaka yangu mkubwa. Katika siku tatu za matanga walijitokeza watu watatu: mwenye duka akiwa na daftari lake, fundi aliyemwezekea banda la kuku, na mweka hazina wa chama cha kufa na kuzikana aliyekuja kudai michango ya miezi miwili. Tuliwalipa wote, nao wakamwombea marehemu dua. Mdai wa nne hakufika msibani. Alipiga simu.

Naandika habari za mdai huyu kwa idhini ya shemeji yangu, mjane wa kaka. Nilipomwuliza kama angependa jambo hili libaki ndani ya nyumba, alinijibu kwamba limekwisha kukaa ndani ya nyumba muda wa kutosha, na ndiyo maana limemgharimu.

Simu ya kwanza iliingia siku ya kumi na tisa baada ya maziko. Sauti ya kijana, yenye adabu, ilimpa pole kwa msiba. Ilimtaja marehemu kwa majina yake matatu, ikataja kijiji, tarehe ya kifo na jina la kifungua mimba wao. Kisha ikajitambulisha kuwa inatoka “idara ya ukusanyaji wa madeni” ya kampuni ya mikopo ya mtandaoni. Marehemu, ilisema, aliacha deni la shilingi 180,000, na kwa heshima ya msiba kampuni ilikuwa imesamehe riba. Shemeji alituma fedha hizo siku ileile. Juma moja baadaye zikatakiwa shilingi 95,000 za “kufunga faili”. Akatuma. Mara ya tatu sauti ilikuwa nyingine, nene na isiyo na pole: kumebainika mkopo wa pili, shilingi 340,000, na usipolipwa kabla ya Ijumaa picha ya marehemu itasambazwa katika makundi ya WhatsApp ikiwa na maandishi kwamba alikufa tapeli.

Mama huyu ni fundi wa nguo. Mimi nilipata habari kwa sababu alinipigia kuniomba nimtafutie mnunuzi wa cherehani yake. Nilimwuliza anataka kuuza kwa nini ilhali ndiyo inayomlisha. Alinyamaza, kisha akasema, “Shemeji, namsitiri kaka yako.”

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Tumezoea kuzungumzia utapeli wa simu kana kwamba ni adhabu ya watu wenye tamaa. Mtu anaambiwa ameshinda bahati nasibu ambayo hakuicheza, anatuma “ada ya usajili”, analia, nasi tunatikisa vichwa na kusema wajinga ndio waliwao. Methali hiyo haimhusu shemeji yangu. Hakuna alichokitamani. Alilipa kwa sababu alifundishwa, nyumbani na madrasa, kwamba deni la maiti ni mzigo shingoni mwake, na kwamba mke mwema hauanui uchi wa mumewe juani. Aliliwa kwa uaminifu wake. Tapeli wa madeni havuni penye uroho. Huvuna penye haya, na jamii yetu ina haya nyingi kuhusu madeni.

Huenda msomaji anajiuliza watu wale walijuaje mambo mengi kiasi kile. Nami nilijiuliza, hadi nilipofungua simu yangu na kulisoma upya tangazo la msiba nililoliandika kwa mkono wangu na kulisambaza katika makundi manne. Lilikuwa na majina matatu ya marehemu, kijiji, saa ya maziko, majina ya watoto, na chini kabisa namba ya simu ya mjane pamoja na jina lake, kwa ajili ya rambirambi. Hakuna aliyedukua chochote. Sisi wenyewe tuliiandika orodha hiyo, tukaomba isambazwe. Tapeli aliongeza kitu kimoja tu, nacho ni deni.

Nilimwomba shemeji anipe namba ile, nikapiga. Aliyepokea alidhani nataka kulipa, akanikaribisha vizuri. Nilimwambia kwamba familia iko tayari kulipa kila deni la marehemu, lakini nina maswali machache. Kampuni yenu inaitwaje kwa jina kamili, na leseni yenu ni namba ngapi? Mkopo ulitolewa tarehe gani? Fedha ziliingia katika namba gani ya simu, na kumbukumbu namba ya muamala ni ipi? Mkataba uko wapi? Na kwa nini malipo yanakwenda kwenye namba yenye jina la mtu binafsi, isiwe akaunti ya kampuni?

“Mzee, wewe ni ndugu wa marehemu au mwanasheria?” aliniuliza.

“Ni mdogo wake. Naomba hayo majibu kwa maandishi.”

“Maandishi utayakuta polisi. Ukija kukamatwa usiseme hukuambiwa.”

Akakata. Jioni ile namba yangu nayo ilianza kupokea jumbe za matusi. Nikaenda kwenye simu ya marehemu, ambayo mwanawe mkubwa alikuwa ameihifadhi, tukasoma jumbe za miamala moja baada ya nyingine. Mkopo wa simu hauji kwa upepo. Huingia katika akaunti, na kila kinachoingia huacha ujumbe wenye tarehe, kiasi na kumbukumbu namba. Palikuwa na fedha za kuku, ada ya shule, umeme, na muda wa maongezi. Mkopo haukuwapo.

Sasa niseme jambo ambalo huenda likawakera baadhi ya wafanyabiashara wa fedha. Tapeli yule hakubuni lugha aliyoitumia. Aliirithi. Kwa miaka kadhaa sasa wananchi wa nchi hii wamezoeshwa na wakopeshaji halisi, wenye programu tumizi zinazopakuliwa na kila mtu, kwamba deni hudaiwa kwa kuaibishwa. Anayechelewa kulipa siku mbili hupigiwa yeye, kisha hupigiwa mama yake, bosi wake, na mtu aliyemwuzia mkaa mara moja, kwa kuwa programu ilichota orodha yote ya majina katika simu yake siku alipobonyeza “kubali”. Watu wasiojua lolote hutumiwa ujumbe kwamba wao ni “wadhamini”. Picha hutengenezwa na kusambazwa. Mikopo ya namna hii wananchi wameipa jina lake, kausha damu, na jina hilo si la utani.

Serikali haikunyamaza kabisa. Mnamo Agosti 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili wanaokopesha kwa njia ya kidijitali, unaogusa uwazi, tozo na riba, njia za kukusanya madeni na faragha ya wateja. Novemba mwaka huohuo ikatangaza orodha ya majukwaa na programu tumizi 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali, ikiwataka wananchi wasizitumie. Kabla ya hapo, kuanzia Mei 2023, kampuni ya Google ilikwisha kuzipiga marufuku programu za mikopo binafsi kwenye duka lake kuchota orodha ya majina na picha za mtumiaji. Jirani zetu wa Kenya walikwenda hatua moja mbele: Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba za watu wengine kuwatumia jumbe na kuwapigia simu za vitisho.

Hatua hizi ni njema, lakini zilikuja watu wakiwa wamekwisha kufundishwa. Mwananchi aliyemwona mwalimu mwenzake akitukanwa na mkopeshaji wa kweli hana njia ya kujua kwamba anayemtukana yeye leo ni wa uongo. Mdai halali anapoacha daftari na kushika matusi, huwa amemvika tapeli sare. Ndiyo maana nashikilia kwamba vita dhidi ya simu za madeni ya uongo haitashindwa wala kushinda kwenye simu. Itaamuliwa na jinsi tunavyoruhusu madeni ya kweli kudaiwa.

Na sheria zetu, kwa bahati nzuri, zinajua deni ni nini. Deni ni madai, na anayedai ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha. Huo ndio msingi wa sheria yetu ya ushahidi, nao ni wa zamani kuliko simu zote. Kwa hiyo anayepigiwa halazimiki kuthibitisha kwamba hadaiwi. Mdhamini, kwa mujibu wa sheria ya mikataba, ni mtu aliyeahidi kulipa deni la mwenziwe asipolipa. Hakuna anayekuwa mdhamini kwa sababu tu namba yake ilikutwa katika simu ya fulani. Polisi hawamkamati mtu kwa kushindwa kulipa mkopo. Hilo ni shauri la madai, na hata mfungwa wa madai huingia gerezani kwa amri ya mahakama, baada ya hukumu, si kwa ujumbe wa simu wa saa nne usiku.

Kuhusu marehemu, mambo yako wazi zaidi. Deni la marehemu hulipwa kutoka katika mali aliyoiacha, na hulipwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mjane hadaiwi mfukoni mwake kwa deni la mumewe ambalo hakuwa sehemu yake. Mtoto vilevile. Mwenye madai huyapeleka kwa msimamizi pamoja na uthibitisho wake. Dini nayo haikusema vinginevyo. Wale wanaotuhimiza tuwalipie maiti wetu ndio haohao wanaosoma kwamba deni liandikwe na liwe na mashahidi. Sisi tulishika nusu ya kwanza ya mafundisho, tapeli akaishi kwenye nusu tuliyoiacha.

Basi simu ya namna hii ikikufikia, ndugu msomaji, usibishane na usiombe huruma. Uliza maswali niliyoyauliza mimi, kisha sema kwamba utasubiri majibu kwa maandishi. Mdai wa kweli hatakasirika, maana majibu hayo anayo mezani. Usimpe namba ya siri, wala namba yako ya kitambulisho cha taifa, wala usimthibitishie hata jina la mtoto. Tazama kama jina la kampuni limo katika orodha ya watoa huduma wenye leseni iliyomo kwenye tovuti ya Benki Kuu. Hifadhi jumbe zote, andika tarehe na saa za simu. Na kama fedha zimekwisha kutumwa, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako, namba 100, dakika hiyohiyo, kabla hujamaliza kulia, kwa sababu fedha iliyokwisha kutolewa kwa wakala hairudi kwa urahisi.

Muhimu kuliko yote, mwambie mtu. Tapeli wa madeni ana silaha moja, nayo ni imani yako kwamba hutathubutu kumwambia mtu mwingine. Shemeji yangu alituma fedha mara mbili akiwa na watu kumi na wawili ndani ya nyumba ya msiba. Angemwambia yeyote kati yao, hata kijana wa darasa la saba, angeulizwa swali la kawaida: “Mkopo huo ulitoka lini?” Swali hilo lingetosha.

Hayo ni ya kumkinga mtu mmoja. Liko la pili, la kutoa taarifa, ambalo wengi huliacha, nami sasa naelewa kwa nini. Nilikwenda kituo cha polisi nikiwa na karatasi tatu nilizozichapa ofisini: namba zilizopiga, jumbe, na uthibitisho wa miamala miwili. Ofisa wa zamu alinisikiliza kwa upole, kisha akaniambia kwamba aliyeibiwa si mimi, aje mwenyewe. Nilimweleza kwamba mwenyewe yuko eda, ana miezi minne na siku kumi za kukaa ndani. Alinipa pole, akasema utaratibu ni utaratibu. Mtandao wa simu uliniambia kwamba ili wachukue hatua kuhusu fedha wanahitaji barua ya polisi. Nilikuwa nimezunguka na kurudi nilikoanzia. Yeye aliyeiba alihitaji dakika tano na hakuinuka kwenye kiti.

Simlaumu ofisa yule. Alifuata alichokikuta. Ila nauliza nani aliyepanga utaratibu ambao mjane aliye eda, mgonjwa aliyelazwa na mzee asiyeweza kutembea hawawezi kuuingia, ilhali hao ndio wanaopigiwa. Tapeli huchagua watu wasioweza kufika kaunta. Kaunta nayo inawasubiri wafike.

Njia moja ilifanya kazi bila kuniuliza mimi ni nani. Mamlaka ya Mawasiliano imeweka namba 15040 ya kupokea taarifa za utapeli. Unapeleka ujumbe wa tapeli pamoja na namba iliyoutuma, kwa kufuata maelekezo unayopewa. Nilipeleka namba zote tatu. Baada ya siku chache mbili kati yake hazikuwa hewani. Sitadai kwamba ni kwa sababu yangu. Huenda watu wengine ishirini walikuwa wamezitaja, na hapo ndipo penye maana ya kutoa taarifa. Ripoti moja ni malalamiko ya mtu. Ripoti ishirini kuhusu namba moja ni ushahidi. Ukikaa kimya kwa sababu ulipoteza shilingi elfu kumi tu, unamnyima mtu wa ishirini na moja ushahidi huo.

Ziko milango mingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa udanganyifu, kujifanya mtu mwingine na unyanyasaji unaofanywa kwa njia ya mtandao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeunda Tume ambayo mwananchi anaweza kuipelekea malalamiko pale taarifa zake zinapotumiwa kinyume cha sheria, na mkopeshaji anayempigia bosi wako kuhusu deni lako ni mfano mzuri wa kuanzia. Juu ya hizo zote iko Ibara ya 16 ya Katiba, inayomhakikishia kila mtu heshima na hifadhi ya maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Hatuna upungufu wa sheria. Tuna wingi wa milango, na mbele ya kila mlango ofisa anayeonyesha kidole kwenye mlango unaofuata.

Nina madai yangu kwa serikali, nami nayaleta kwa maandishi kama ninavyowadai wengine. Mwaka 2019 ulipoanza usajili wa laini kwa alama za vidole, tulipanga foleni. Wazee walisubiri vitambulisho vya taifa kwa miezi. Laini zisizosajiliwa zilianza kufungwa Januari 2020, tukaambiwa kwamba usumbufu ule ni gharama ya usalama, kwa kuwa sasa kila namba itakuwa na mwenyewe. Tulilipa gharama hiyo. Basi inakuwaje mtu anatumia namba yenye jina na alama ya kidole kumtisha mjane, na asiogope?

Jibu linajulikana mitaani. Mwananchi anakwenda kwa wakala kusajili laini moja, anaambiwa kidole hakijasoma, weka tena, na tena, na kila “tena” ni laini nyingine inayokwenda kuuzwa. Siku mhusika atakapotafutwa, atakayepatikana ni mkulima asiyejua lolote. Kila msomaji wa makala haya apige *106# leo, aone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, na asiyoitambua aende akaifute. Lakini kupiga *106# ni kazi ya mwananchi. Kazi ya mitandao ni kubeba dhamana ya mawakala wake. Wakala anayevaa fulana ya kampuni, anayelipwa kamisheni na kampuni, hawezi kugeuka kuwa mtu baki siku anapofanya uovu. Kampuni ikilazimika kumrudishia mwananchi fedha zilizopotelea kwenye laini iliyosajiliwa kwa hila, vidole vitaanza kusoma mara ya kwanza.

Dai langu la pili ni mlango mmoja. Mwananchi atoe taarifa mara moja, popote, kwa simu au kupitia ndugu aliyemtuma, apewe namba ya kumbukumbu, na vyombo vyenyewe ndivyo vipelekeane: polisi, mtandao wa simu, Benki Kuu, Tume. La tatu ni majibu. Kila mwaka tuelezwe taarifa ngapi zilipokelewa, laini ngapi zilifungwa, watu wangapi walifikishwa mahakamani, na fedha kiasi gani zilirudi kwa wenyewe. Mwananchi asiyejua mwisho wa taarifa yake ya kwanza hatatoa ya pili.

Wako watakaosema kwamba hoja zangu zitawapa kinga wadaiwa sugu, maana kila asiyetaka kulipa ataanza kusema “nipe maandishi”. Nimeifikiria hoja hiyo, hasa kwa kuwa mimi mwenyewe nina watu wanaonidai na ninaowadai. Mdaiwa sugu hajawahi kukosa kisingizio, na matusi hayajawahi kumfanya alipe. Anayelipa kwa hofu ya matusi ni mwenye haya, yaani yule ambaye angelipa hata kwa barua. Mkopeshaji mwenye leseni, mkataba na hesabu safi ndiye atakayenufaika zaidi na jamii inayodai uthibitisho, kwa sababu siku hiyo simu yake itapokelewa.

Siku ya arobaini tulikusanyika tena Muheza kwa khitma. Baada ya chakula, upande wa kina mama, shemeji alieleza mbele ya wageni yaliyompata, kiasi alichotuma, na cherehani aliyokaribia kuiuza. Mimi nilihadithiwa baadaye. Aliposema kiasi, mama mmoja wa kijiji cha pili aliyefiwa na mumewe mwezi uliotangulia alianza kulia. Naye alikuwa amepigiwa. Naye alikuwa ametuma. Mwingine alisema alipigiwa kuhusu marehemu baba yake, akaogopa, akaibadilisha laini. Walikuwa watatu katika ukumbi mmoja, na hadi dakika ile kila mmoja alikuwa akimsitiri maiti wake peke yake.

Eda ilipokwisha, shemeji alivaa, akaenda kituoni yeye mwenyewe, pamoja na mama yule wa kijiji cha pili. Waliandika maelezo na kupewa RB. Shilingi 275,000 hazijarudi hadi leo ninapoandika, na sijui kama zitarudi. Cherehani ipo na inafanya kazi.

Nasi tumebadilisha mambo mawili katika ukoo wetu. Tangazo la msiba sasa halina namba ya mfiwa wala majina ya watoto. Rambirambi hupokewa na mweka hazina. Na anayesimama makaburini huongeza maneno machache katika tangazo la zamani. Anasema kwamba aliyekuwa akimdai marehemu afike kwa familia, aje kwa miguu yake, mchana, na shahidi wake.